Unga wa Chini

Kijiwe chetu kiko Nyakasanza, mjini Bunia, kwenye kona ambapo barabara ya udongo inayotoka sokoni inakutana na ile inayoshuka mtoni. Kina ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili ya mazutu, dizeli yetu, kina mbabula, jiko la makaa la Bijou anayeuza kahawa ya tangawizi, na kina ukuta wa mashini ya unga ya Papa Kamate, ambao ndio tunaouegemea. Kijiwe hiki hakikuzaliwa na kahawa, kilizaliwa na mabeseni. Hapa mtu akileta mihogo yake mikavu kusaga, hapigi foleni mwenyewe: anaweka beseni chini, nyuma ya beseni la mwisho, na beseni ndilo linalosimama kwa niaba yake. Mwenyewe anakuja kukaa. Anayekaa anasikia kiu, anayekunywa anaanza kusema, na kwa kuwa mashini ilinguruma kama lori lililokwama kwenye matope, aliyetaka kusema ilibidi apige kelele. Ndiyo maana watu wa kona yetu hujulikana hata msibani: wanaongea kama wako ng'ambo ya mto. Lakini juma hilo ninalolieleza, mashini ilikuwa kimya. Papa Kamate alikuwa ameifunga, akaizungushia mabati mapya yasiyo na tundu hata la msumari, na hakumwambia mtu neno. Ndani zilisikika nyundo. Nje, mlangoni, lilikuwepo beseni moja tu, la bluu, lenye ufa kwenye ukingo. Lilikuwa langu. Nilikuwa nalileta kila asubuhi na mihogo ya mama yangu, na kulirudisha nyumbani kila jioni, kwa sababu siwezi kuamini kwamba kitu kimekufa kwa maneno ya watu ambao hawajakiona.

Asubuhi hiyo alianza Ministre. Jina lake ni Léon. Hajawahi kuwa waziri wa chochote, alifundisha jiografia tu, lakini hawezi kuomba sukari bila kutoa hotuba.

— Mie nasema hivi, alisema. Mutu akifungua biashara mu kartie, mu mutaa wa watu, kartie nayo iko na haki yake. Papa Kamate hawezi kufunga mashini kama vile anafunga kabati ya kwake. Angetuita kwanza.

— Akuite weye juu ya nini? aliuliza Zéro Faute. Weye ni nani mu ile mashini?

— Mie ni communauté.

— Communauté, toa muguu hapa, alisema Bijou. Utaangusha termosi yangu.

Zéro Faute, yaani Asiye na Kosa, ni Hubert, dereva wa pikipiki. Ameanguka kuliko dereva yeyote wa Nyakasanza, na kila mara kosa lilikuwa la shimo.

— Kule kwenye dhahabu, Ministre aliendelea, kampuni haichimbe hata shimo ya panya bila kukaa na watu. Wanaandikiana cahier des charges. Kampuni inasema: nitajenga hiki, nitawapatia kile. Sasa juu ya nini mashini ya unga haina yake? Mie ningemuandikia Papa Kamate: un, darasa ya watoto. Deux, ambulance. Trois, terrain ya mupira, pamoja na viti ya kukalia.

— Terrain ya mupira mu mihogo, alisema Karat.

— Munaanzaka na kuomba nyingi, halafu munashuka. Ni négociation.

— Na mutashuka mpaka wapi?

Ministre alifikiri.

— Mpaka viti, alisema.

Karat ndiye aliyecheka zaidi. Yeye ni Lionel, alichimba dhahabu Nizi mpaka mgongo ukakataa, akarudi mjini na macho yanayoona dhahabu hata kwenye magamba ya samaki. Hawa watatu ndio wenye ubao. Mimi hukaa mwishoni, karibu na beseni langu, na kikombe ambacho nakisuuza mwenyewe kabla Bijou hajakijaza. Bijou amezoea, hakasiriki tena.

Kisha akaja Mama Angélique na fagio lake, na kicheko kikapungua.

Lazima nieleze habari ya fagio hilo. Mashini ya zamani ilikuwa inamwaga. Kila beseni lililosagwa liliacha sehemu yake sakafuni, na desturi ya kona yetu, ambayo hakuna anayejua nani aliianzisha, ni kwamba unga ulioanguka si wa mwenye mihogo wala wa mwenye mashini. Ni wa anayefagia. Unaitwa unga wa chini. Waliokuwa wakifagia ni wanawake wanne waliokimbia vita kutoka Djugu, na mkubwa wao ni Mama Angélique wa Fataki. Jioni walikuwa wanaupepeta, wanatoa mchanga, wanagawana kwa kopo, na huo ndio waliokuwa wanaupika usiku. Hawakuwa na shamba tena wala duka. Walikuwa na sakafu ya Papa Kamate. Tangu sakafu hiyo ifungwe, wenzake watatu walikuwa wanazunguka sokoni kutafuta mizigo ya kubeba, lakini yeye alikuja kila asubuhi kusimama mbele ya mabati.

— Ikaa, Mama, alisema Bijou, akamsogeza Karat kwa kiwiko ili nafasi ipatikane.

— Hapana, mwanangu. Nikikaa, tumbo itajua hakuna kazi.

Alichukua kahawa akiwa amesimama, fagio chini ya kwapa.

— Jana mulikula? aliuliza Bijou.

— Tulikula sombe, majani ya mihogo tu.

— Na bugali?

— Watoto waliuliza vile vile. Nikawaambia bugali iko njiani.

Zéro Faute alikohoa. Ni mtu ambaye hawezi kuvumilia kimya, nadhani kwa sababu ya pikipiki.

— Mie najua kitu, alisema. Juzi niliona camionnette inaingiza kitu kirefu humu, kimefunikwa na bâche, ile turubai ya lori. Kirefu kama sanduku ya maiti ya mutu wa basket.

Nilimuuliza camionnette ilikuwa ya rangi gani.

— Nyeupe.

— Uliiona ubavuni au nyuma?

— Kijani, basi. Dada, weye uliza yote, hata jina ya mama ya shoferi. Mie nasema ile kitu ilikuwa comptoir. Meza ya kupimia dhahabu. Papa Kamate anaacha unga, anaingia mu dhahabu. Wale watu ya Butembo kama yeye, ukilala wako wanafungua duka, ukiamuka wako wanafungua ingine.

— Hapana comptoir, alisema Karat taratibu. Comptoir unaweka mu avenue kubwa, si hapa. Mutu anazungusha mabati kwa sababu moja. Amepata kitu mu udongo.

— Udongo gani?

— Udongo ya chini ya mashini. Sikilizeni, mashini imetetemesha hii fasi miaka mingapi? Siye kule Nizi tulikuwa tunatikisa sahani, dhahabu inashuka chini, muchanga inabakia juu. Sasa hii kona yote imetikiswa kama sahani. Dhahabu yote ya Nyakasanza imeshuka na kujikusanya pale. Papa Kamate hafunge mashini. Anafungua kisima.

Nadharia ilikuwa na mpangilio, hilo lazima nilikubali.

— Kama ni vile, alisema Ministre, cahier des charges inapanda. Ambulance tunatoa, tunaweka hospitali.

— Na Mama Angélique amefagia dhahabu bila kujua, alisema Zéro Faute. Amekula dhahabu, Mama. Kuanzia leo usiende tena mu choo ya jirani.

Mama Angélique alicheka, na nilishukuru kumwona akicheka, ingawa mkono wake haukuacha fagio.

Karat hakungoja. Aliinama chini ya bati, pale ambapo maji ya mvua yalikuwa yamechimba, akachota udongo uliochanganyika na unga wa zamani, akauweka kwenye kikombe chake, akaongeza maji ya Bijou na kuanza kuzungusha.

— Karat, ni kikombe ya watu, alisema Bijou.

— Nitakununulia cha porcelaine.

Alizungusha kwa kiganja kilegevu, akimwaga maji machafu kidogo kidogo, na hata Ministre aliinama kutazama. Ilikuwa kazi nzuri kuiangalia, mtu anafanya kile anachokijua. Unga ulitoka kwanza, kisha udongo mwekundu, kisha mchanga. Chini ya kikombe pakabaki punje chache zinazong'aa.

— Yesu, alisema Zéro Faute kwa sauti ndogo.

— Hospitali na maternité, alisema Ministre.

Karat aliiweka punje moja kwenye ukucha. Aliigeuza, akaipuliza. Bega lake likashuka.

— Haina uzito, alisema. Ni chuma. Ni nyundo ya mashini, ile yenye kuponda mihogo, ilikuwa inajikula yenyewe.

— Hiyo siye tunaijua, alisema Mama Angélique. Tunaisikiaka mu meno.

Nilitazama beseni langu la bluu. Mama yangu amekula unga wa mashini hiyo tangu sijaanza shule. Mimi pia. Nilianza kufikiri ni vipande vingapi vinaweza kukaa ndani ya mtu bila yeye kujua, na ningeendelea kufikiri hivyo mpaka jioni, kama nyundo za ndani zisingenyamaza.

Bati moja lilisogezwa, na Papa Kamate akatoka. Ni mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua, na siku hiyo viatu vyake vilikuwa na saruji mpaka kwenye kamba. Wote tulisimama, isipokuwa Karat, ambaye alikuwa anaficha kikombe.

— Papa Kamate, Ministre alianza, kwa jina ya communauté ya hii kartie—

— Léon, nipe nafasi nikunywe kahawa kwanza. Tangu asubuhi niko nakula vumbi ya saruji.

Bijou alimpa. Alikunywa yote, akapangusa mdomo, na hapo ndipo alipoona kikombe cha Karat.

— Umeiona, alisema.

— Nimeiona, Papa.

— Ni vile. Ile nyundo ya zamani ilikuwa imeisha. Bibi yangu Adeline, mama ya watoto yangu, alipata kipande mu bugali, ikamuvunja jino. Nilifunga siku ile ile.

— Na juu ya nini haukusema? aliuliza Ministre. Watu hapa wamefikiri mpaka sanduku ya maiti.

— Ningesema nini? Nikisema unga yangu iko na chuma, nani atarudi? Nilitaka kwanza kuwa na ingine, ndipo niseme. Sasa iko. Nimetoa ile ya mazutu. Nimeweka ya umeme, mupya. Imefungika pande yote, hata kichungi iko ndani. Sakafu ni saruji. Inasaga, na haimwage hata kidogo.

Alilisema neno hilo la mwisho kwa fahari, kama fundi yeyote angelisema. Halafu akaona kwamba hakuna anayemtazama yeye. Wote tulikuwa tunatazama fagio.

Nilisoma maendeleo ya vijijini hapa hapa Bunia, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa juu ya mambo kama haya. Niliandika kurasa nzima kuhusu chombo kizuri kinachokuja, kinachosaidia wengi, na wale wachache waliokuwa wakiishi kwenye nyufa za chombo kibaya ambao hakuna aliyewahesabu. Niliandika kwa utulivu, nikapewa alama nzuri. Pale kijiweni sikukumbuka hata sentensi moja ya kusaidia.

— Haimwage kabisa? aliuliza Mama Angélique.

— Kabisa, Mama.

— Ni muzuri, alisema. Watu hawatavunjika meno tena.

Aliegemeza fagio ukutani, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akaona halina pa kukaa, akalichukua tena.

— Munaona? alisema Ministre. Ndiyo, njo ile nilikuwa nasema. Biashara inapanda, mutu mudogo anashuka. Kama tungekuwa na cahier des charges—

— Léon, nyamaza kidogo, alisema Papa Kamate, bila ukali. Mama Angélique, ingia uone. Juu ya weye njo nilikuwa natoka hapa.

Aliingia, na sisi sote tukamfuata bila kualikwa. Mashini mpya ilikuwa kwenye kona, ya kijivu, ndogo kuliko nilivyofikiri, imefunikwa kama mtoto anayeogopewa baridi. Lakini kilichochukua nafasi kubwa hakikuwa mashini. Upande wa uani Papa Kamate alikuwa amejenga paa la bati linalopitisha mwanga, na chini yake palisimama meza ndefu za wavu, za kimo cha kiuno, na stuli nne.

— Hii mashini haipendi jiwe, alisema. Jiwe moja tu, na mutambo umeisha, na fundi wake anakaa Kampala. Tena haipendi mihogo yenye maji. Sasa kila beseni itapita hapa kwanza. Inamwagwa juu ya meza, wanatoa jiwe, wanatoa kijiti, wanaangalia kama imekauka. Haijakauka, inabakia mu jua. Mie siwezi ile kazi, na vijana yangu hawana uvumilivu. Nilifikiri nyinyi wanne.

Mama Angélique aligusa wavu kwa kidole.

— Na sisi tutakula nini?

— Kopo moja kwa kila beseni. Si ya chini. Ya juu, yenye kutoka mu mudomo ya mashini, ikingali moto.

Bijou alinipiga mgongoni kwa furaha. Lakini Mama Angélique hakuwa bado amefika kwenye shukrani.

— Kopo gani? aliuliza. Ya kukata ao ya kilima?

Kwa asiyejua soko letu: kopo la kukata ni lile linalopitishiwa kiganja juu mpaka liwe sawa, na la kilima ni lile linaloachwa na unga wake uliorundikana juu.

— Ya kukata, alisema Papa Kamate haraka, kwa sababu ni mfanyabiashara.

— Ile sakafu ilikuwa inatupa kilima.

Zéro Faute alishika mdomo wake kwa mikono miwili.

— Mama, sakafu haina watoto ya kusomesha, alisema Papa Kamate.

— Siye tuko nao. Beseni yenye kujaa, kilima. Beseni nusu, kukata. Na siku umeme inakatika?

— Ikikatika, tunakaa wote.

— Hapana. Ikikatika, hizi meza ni ya siye. Tutanunua mihogo mbichi pole pole, tunaikausha hapa, tunaiuza.

Papa Kamate alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Aliangalia meza zake kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba ni nyingi.

— Sawa, alisema. Lakini jua ya Jumapili ni ya bibi yangu. Yeye naye anataka kukausha pilipili.

Tulirudi kwenye ubao na makelele yetu yote. Karat alirudisha kikombe kimeoshwa mara mbili. Bijou alikuwa anacheka peke yake. Hapo ndipo Ministre, ambaye hajawahi kuacha jambo jema lipite bila kuliuliza vitambulisho, alipopata swali lake.

— Ongojeni. Ile kopo inatoka mu beseni ya nani?

— Ya mwenye mihogo, alisema Papa Kamate kutoka mlangoni.

— Basi weye haukutoa kitu. Ni communauté inatoa.

— Zamani ilikuwa inatoka wapi? Ni ile ile. Ila sasa munaiona.

— Njo shida, alisema Karat. Kuanguka ni kuanguka. Mutu anasema, bon, imeanguka, haina neno. Lakini kutoa kopo mu beseni yake, ya juu, macho iko wazi? Watu ya hapa? Ministre, weye utatoa?

— Mie nakubali kwa principe.

— Principe haijazi kopo.

— Hawatatoa, alisema Zéro Faute. Watakwenda kutafuta mbali mashini yenye kumwaga. Watapenda kumwaga kuliko kutoa. Nawajua, ni abonnés yangu, nawabebaka kila siku.

Niliona kwamba swali lililobaki ni kama watu watatoa, na kwamba hakuna aliyelijua jibu lake, hata Papa Kamate. Alikuwa ameacha kutabasamu. Mama Angélique alikuwa amekwisha shika nafasi yake kwenye meza ya kwanza, nyuma ya bati lililo wazi, na wenzake wameitwa kutoka sokoni. Beseni langu la bluu ndilo lililokuwa mbele. Nililibeba, wakalimwaga juu ya wavu, wakapitisha vidole. Mihogo ikaingia mashinini, unga ukatoka mweupe na laini kuliko niliowahi kuupika, na nikajaza kopo la kwanza kwa kilima mpaka likamwagika.

— Huyu hahesabiwi, alisema Karat. Yeye alisoma. Wanawafundishaka kutoa.

Alikuwa sahihi.

Basi wakati huo akatokea mwanamke tusiyemjua, na beseni la aluminiamu kichwani. Baadaye alituambia anaitwa Rébecca, anatoka Bule, amekuja kuishi kwa mdogo wake nyuma ya shule. Aliliweka beseni chini palipokuwa langu, akatazama nyuma yake, akatazama mbele.

— Jambo yenu. Hii mashini inafanya kazi?

— Inafanya, alipaza Ministre kwa sauti ya siku zote, ile ya kushindana na mazutu, na watu watatu upande wa pili wa barabara wakageuka.

Ndipo tulipogundua kwamba mashini ilikuwa inasaga tangu muda ule wote. Ilikuwa inavuma tu, kama nyuki walio mbali. Ministre alishusha sauti yake, akaitafuta ile ndogo, na haikupatikana upesi.

— Inafanya, alirudia. Ila kuko kopo moja ya kuacha. Mie sisemi kitu, nakuambia tu.

— Kopo ya nani?

Mama Angélique hakumjibu kwa maneno. Mihogo ya yule mwanamke ilikuwa tayari juu ya wavu, na vidole vya wale wanawake wanne vilikuwa vinapita. Alipomaliza alimwita, akamfungulia kiganja, akamwekea mawe yake mkononi: mawe sita au saba madogo meusi, na kipande cha chupa.

— Hizi ni zako, alisema. Zilikuwa mu beseni yako.

Rébecca aliyatikisa mawe mkononi. Alikitazama kile kioo kwa muda.

— Hii ingeenda mu tumbo ya mutoto, alisema.

Unga wake ulipotoka, alichukua kopo mwenyewe. Alilichovya, akalitoa limejaa, akalipiga kidogo kwa kiganja ili unga ushikamane, kisha akaongeza mwingine juu. Kilima kilikuwa kirefu kuliko changu. Hakusema kwamba anatoa, wala hakutuangalia kama tunaona. Alilimimina kwenye beseni la wale wanne na kurudisha kopo mahali pake.

Papa Kamate alitoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu Adeline avunjike jino. Zéro Faute alisema, Bon, kwa sauti ya mtu ambaye hajakosea, amebadilisha tu barabara.

Rébecca alikuja kukaa, unga wake miguuni, akaomba kahawa. Alipuliza kikombe, akatazama mlango wa mashini, kisha akatazama ubao wetu mzima, kutoka Ministre mpaka Karat.

— Nilifikiri nyinyi muko kwenye foleni, alisema. Sioni beseni nyuma yangu. Zenu ni zipi?

— Siye? alisema Ministre. Siye hatuletaka. Bibi njo analetaka.

— Ah. Na walisema kule kwa mudogo wangu, hii mashini ilikuwa imefungwa juma yote.

— Juma yote, alisema Zéro Faute. Tuliteseka.

— Poleni. Na bugali mulikula?

— Kila mangaribi, jua ikizama, alisema Karat.

— Basi bibi zenu walisagia wapi?

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua, nadhani, kama kuna mashini nyingine karibu. Ministre alimgeukia Karat, kana kwamba ndiye aliyeulizwa. Karat aliangalia ndani ya kikombe chake, akakizungusha kidogo, kana kwamba jibu lingebaki chini. Mashini ilivuma. Kutoka uani zilisikika sauti za mihogo ikigonga wavu, na mmoja wa wale wanne akiimba kwa kilugha chao.

Zéro Faute ndiye aliyesimama kwanza.

— Nafika nyumbani kidogo, alisema.

— Kufanya nini?

— Kuuliza.

Aliwasha pikipiki, akaizima, akaisukuma mpaka ng'ambo ya kona kabla ya kuiwasha tena, nadhani ili tusione uso wake. Ministre na Karat walitazama nafasi iliyobaki ubaoni kana kwamba ni shimo.

Bijou aliinamisha termosi. Ilitoa nusu kikombe, kisha matone, kisha harufu tu.

— Imekwisha, alisema. Hii ya mwisho ni ya nani?

Mama Angélique alikuwa ametoka kupumua, unga kwenye nywele zake mpaka kwenye nyusi. Fagio lilikuwa limebaki ndani, sikujua wapi. Alikitazama kikombe, akautazama ubao, akajipangusa mikono kwa kitenge. Kisha akakaa.